Terere Chini ya Dirisha

Mwaka mzima nilimchukia mzee mmoja kwa sababu ya nyasi, na juzi nilipoambiwa amefariki, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa sura yake bali mgongo wake. Mgongo ule ndio niliouona zaidi mwaka wa 2004, umeinama kwenye ua wa mbele, shati limelowa jasho, huku mkewe amelala nyuma ya dirisha akingoja aingie. Njeri, binti yao, ndiye aliyenipigia simu. Nilikuwa kazini mjini, nimeshika kikombe cha chai ya saa nne, naye akaongea kwa sauti kavu ya mtu aliyekwisha kulia. "Nekesa, Baba ametuacha. Maombi yanaanza leo jioni. Najua ni siku nyingi, lakini Mum angetaka ukuje." Nilimwambia nitakuja. Kisha nikakaa na ile chai mpaka ikapoa, nikijishangaa kwamba baada ya miaka yote hii bado nilikuwa na hasira, nzima kabisa, kama sahani ya wageni iliyowekwa kabatini na kusahaulika.

Mwaka huo nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Asubuhi nilisomea kompyuta katika jengo moja karibu na River Road, jijini Nairobi, kwenye chumba cha juu ambacho madirisha yake hayakufunguka, tukishiriki mashine moja watu watatu na kupigana vikumbo vya viwiko. Mchana nilirudi mtaa wa Satellite, huko Riruta, nilikoajiriwa kumhudumia Mama Njeri, ambaye alikuwa na saratani ya tumbo. Neno hilo halikutamkwa nyumbani mle. Ulikuwa "ule ugonjwa", na dawa zake zilikuwa "zile dawa", na daktari alipotajwa watu waliangalia chini. Nyumba ilikuwa ya mawe, yenye sebule ya makochi yaliyofunikwa vitambaa vyeupe vya kushona kwa mkono, na chumba cha mgonjwa kilikuwa cha mbele, chenye dirisha kubwa lililotazama ua. Kando ya kitanda kulikuwa na kiti kimoja cha mbao kutoka meza ya chakula, na juu yake mto mwekundu. Siku yangu ya kwanza nilipotaka kukikalia, Mama aliinua mkono. "Hapana, mama. Hicho ni cha Baba Njeri." Basi nikakaa ukingoni mwa kitanda, na mwaka mzima nilikaa hapo. Akina mama wa kanisa walipokuja kuomba walibeba stuli kutoka sebuleni. Kiti cha Baba Njeri kilibaki wazi, na mto wake ulibaki mwekundu na mpya kama siku uliponunuliwa.

Huyo mwenye kiti alikuwa nje, akihangaika na mchanga. Inabidi nieleze huo mchanga, maana mtu yeyote anayeijua Riruta atasema udongo wa huko ni mwekundu na unaotesha hata fimbo. Ni kweli. Lakini Mzee alikuwa amepanga kujenga vyumba vya kukodisha mbele ya nyumba, kama kila mtu mtaani, akaleta malori ya mchanga wa Machakos, kisha ujenzi ukakwama kwenye msingi na haukuinuka tena. Mchanga ukakaa hapo miaka. Paka wakaufanya choo, watoto wa majirani wakateleza juu yake, mvua zikautandaza kidogo kidogo mpaka ukafunika ua wote wa mbele, kina cha mkono mzima mahali pengine. Kilichoota juu yake kilikuwa ndago na yale magugu ambayo mbegu zake hung'ang'ania sketi. Mama aliporudi kutoka hospitalini mara ya kwanza, akiwa bado anaweza kutembea, alisimama mlangoni akasema angependa siku moja akae nje kwenye nyasi, hata kama ni siku moja tu. Sijui kama wake wengine wanajua hatari ya kusema jambo kama hilo mbele ya mwanamume asiyejua kukaa bure. Mzee alikuwa amestaafu ukarani wa stoo, na maisha yake yote alikuwa amepanga vitu kwenye rafu. Alilichukua neno lile kama agizo, akavaa gambuti, na hakuzivua tena.

Alianza vibaya. Alileta vipande vya nyasi kutoka kando ya barabara, zile nene zinazotambaa, akavichomeka kwenye mchanga mtupu kwa mistari iliyonyooka, akipima kwa kamba ya katani iliyofungwa kwenye vijiti viwili. Mistari ilipendeza kwelikweli. Ilikauka ndani ya wiki. Maji aliyomwaga yalipita moja kwa moja kama yanayomwagwa kwenye chujio la chai, na kwa kuwa maji ya mfereji ya Satellite yalikuja siku yalipotaka yenyewe, alianza kukusanya maji ya kuoshea vyombo, maji ya kufulia, hata ya kumwogeshea Mama. Nilikuwa natoka na beseni chumbani naye ananipokea mlangoni bila kuuliza mgonjwa ameamkaje, macho yake yako kwenye beseni. Ndipo chuki yangu ilipoanzia, kwenye mabeseni yale. Mama alikuwa akisikia ufagio na jembe lake mchana kutwa, akinituma. Nenda umwambie aingie kidogo. Ninakwenda. Mzee, Mama anakuita. "Mwambie namaliza hii laini," anasema juu ya mstari wake, bila kuinua kichwa. Narudi na jibu. Mwanzoni Mama alicheka. "Huyo mtu amekuwa akimaliza laini tangu anioe," akaniambia, na akanisimulia jinsi siku ya harusi yao alivyochelewa kanisani kwa sababu ya kupanga viti. Baadaye hakucheka. Alikuwa ananiangalia nikiingia peke yangu, kisha anageukia ukuta.

Akina mama wa kanisa walikuja Alhamisi. Walipokewa nje kwanza ili wamsifu Mzee kwa bidii yake, wakawekewa viti vya plastiki, na kila mara miguu ya viti ilizama mchangani, mmoja akiinamia kushoto, mwingine akikaribia kuanguka chali na Biblia yake. Ilichekesha. Wakishaomba walikuja jikoni kunisaidia kumimina chai kutoka kwenye thamosi, na huko ndiko nilikosikia maneno ambayo sikuyasahau. Mmoja alisema Mzee ana akili, anatayarisha uwanja mapema. Mwingine akauliza uwanja wa nini, na yule wa kwanza akapunguza sauti. "Wa matanga, si unajua. Watu wakija watakaa wapi, kwa hii mchanga?" Mwenzake akakohoa. Niliponyanyua macho niliona mlango wa chumba cha mgonjwa uko wazi, na upande wa pili wa ukuta ule mwembamba hakuna kilichokuwa kikisikika, hata pumzi. Nilipompelekea chai yake Mama alikuwa anaangalia dirishani. "Wanasema ananitengenezea matanga," akaniambia, taratibu kabisa. Nilikana. Nikamwambia hawakusema hivyo. "Nekesa, tumbo ndilo gonjwa. Masikio yako sawa."

Kosa la pili la Mzee ndilo lililotuletea furaha ya pekee tuliyoipata mwaka ule. Jirani fulani alikuwa amemwambia mchanga haushiki maji mpaka ulishwe, na hilo ni kweli, hata mimi leo nikiwa na kiuwanja changu nalijua. Mzee akaleta udongo mwekundu kutoka shimo la jirani aliyekuwa akichimba tangi, na juu yake lori zima la mbolea kutoka maboma ya ng'ombe upande wa Kajiado. Watu wote wa Nairobi hununua mbolea hiyo, na wote huambiwa wailundike ioze kwanza, kwa sababu ng'ombe hula kila kitu porini na mbegu hupita tumboni mwake zikiwa hai. Mzee hakuwa na subira ya kulundika kitu. Aliichanganya na mchanga ikiwa mbichi, akapanda nyasi zake upya kwa kamba yake, mvua za masika zikaanza, na siku chache baadaye ua wote ukawa kijani. Alisimama katikati akitabasamu mpaka alipoinama kuangalia vizuri. Zilikuwa terere na managu, zile mboga za majani zinazojiotea. Kila mahali, nene, zimepandana, nyasi zake hazionekani. Nilisimama mlangoni nikacheka kwa sauti, Mungu anisamehe, na kutoka dirishani Mama akauliza kuna nini. Nilipomwambia, alitaka ainuliwe aone. Nilimwinua, akaweka kidevu dirishani, akaangalia muda mrefu. "Nichumie kidogo," akasema.

Kwa majuma mengi Mama alikuwa amekataa kila kitu. Uji alikunywa vijiko viwili kisha akaurudisha. Supu ilimnukia. Jioni ile nilichuma terere changa na managu kidogo, nikazichemsha, nikazikaanga na kitunguu, nikazimiminia maziwa na kuziponda na kiazi kimoja mpaka zikalainika. Alikula bakuli zima. Kisha akafuta mdomo na kuuliza kama jikoni zimebaki nyingine. Tangu siku hiyo, kila jioni nilitoka kwenda uani na kisahani, nikichuma chini ya dirisha lake ambapo zilikuwa laini zaidi, na yeye alinielekeza kutoka kitandani, ile, hapana, hiyo nyingine. Mashavu yake yalirudi kidogo. Alianza kunitania kuhusu mvulana wa darasa la kompyuta ambaye nilikuwa nimemtaja mara moja tu. Lakini asubuhi Mzee alikuwa anang'oa. Alianzia langoni akija upande wa nyumba, safu kwa safu, akirundika mboga zetu kwenye gunia kama takataka. Tulishindana hivyo, yeye na mimi, bila kugombana. Yeye alikaribia dirisha, nami nilichuma haraka zaidi.

Si kwamba Mzee hakujua. Hilo ndilo lililoniuma, na Njeri akiniuliza leo nitamwambia hivyohivyo. Mama mwenyewe alimwambia, nikiwa nimesimama hapo. Alimwita, na mara hiyo moja alikuja mpaka mlangoni mwa chumba, gambuti zikiwa na matope, hakuingia asije akachafua sakafu. Mama akamwomba aache zile za chini ya dirisha, hizo tu, kwingine apande nyasi anavyotaka. Mzee akaangalia mikono yake. Akamwambia atamletea mboga za soko, Kawangware ziko nyingi, za akina mama wanaouza kwa mafungu, safi zaidi ya hizi zilizotoka kwa mavi ya ng'ombe. Mama alisema hataki za soko. Nairobi nzima tunajua kisa hicho, kila mmoja wetu ana shangazi aliyeapa kwamba mboga za soko hukuzwa na maji machafu kando ya mto, na ukishaambiwa hivyo huwezi tena kuzila bila kunusa. "Hizi ni za kwetu," Mama akasema. "Nazijua." Mzee akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekubali. Kisha akauliza kama Mama ataanza kukaa nje wiki ijayo jua likitoka.

Njeri alikuja kutoka kazini siku moja katikati ya wiki, jambo ambalo hakuwa akifanya, akazungumza na baba yake kando ya tangi. Daktari alikuwa amempigia Njeri simu. Sikusikia maneno, lakini nilimwona Mzee akishika tangi kwa kiganja kama anayepima kama limejaa. Kesho yake alipanda gari kwenda mjini. Ninajua duka aliloingia, kwa sababu nililipita kila siku nikienda darasani, moja ya yale maduka ya mbegu na dawa za mifugo yenye harufu inayokukaba koo toka mlangoni. Alinunua dawa inayoua majani mapana na kuacha nyasi. Nilipofika nyumbani alasiri, harufu ileile ilinipokea langoni. Mzee alikuwa na bomba la kupulizia mgongoni na kitambaa usoni, ndiyo kwanza amemaliza, na ua wote ulikuwa umelowa, pamoja na chini ya dirisha. Alishusha kitambaa. Alikuwa na uso wa furaha ambao sikuwahi kuuona kwake. "Wikendi ni nyasi tupu," akasema. "Atakaa nje Jumapili."

Nilimwambia Mzee kwamba Mama hatakula. Akanijibu ameleta nyingine, ziko jikoni. Na kweli zilikuwepo, mafungu mawili ya terere ya Kawangware, yameoshwa na kupangwa kwenye beseni kwa ukubwa, makubwa kwa makubwa na madogo kwa madogo. Nilizipika kama kawaida. Mama aliziweka mdomoni, akatafuna kidogo, akazitoa polepole kwenye kitambaa. Hakusema chochote kibaya. Aliniambia nifunge dirisha, harufu inamuumiza kichwa. Sitaki kupiga chuku, hakufa kwa kukosa mboga. Ugonjwa ulikuwa umefika mahali pake na daktari alikuwa ameshasema. Lakini baada ya jioni ile hakuomba chakula tena, na hakunituma tena kumwita mumewe.

Nyasi zilishika. Huo ndio ukweli, na sijui niuweke wapi. Terere zilijipinda na kunyauka, udongo mwekundu na mbolea vikashika maji ndani ya mchanga, mvua zikaendelea, na nyasi zikatambaa kutoka mstari mmoja hadi mwingine mpaka kamba yake ikakosa kazi. Jumapili kadhaa zilipita, na nyasi zilipokuwa tayari Mama hakuweza kuinuliwa. Mzee alikuja dirishani kwa nje, akasimama juu ya nyasi zake, akagonga kioo. "Njoo uone," akasema. Nilifungua dirisha. Mama alimwangalia kwa muda, kisha akamwambia kwa sauti ndogo hata ikabidi nimkaririe Mzee maneno yake, "Ingia wewe." Akaahidi ataingia akishanyunyiza maji, maana jua limekuwa kali. Sikujizuia. Nilimwambia, kijakazi mimi wa jana, "Mzee, ingia sasa." Aliniangalia kama mtu aliyepigwa, akaokota mpira wa maji, akaenda. Wakati ule niliona ni ukatili. Leo nina umri unaokaribia ule aliokuwa nao Mama wakati ule, nimeshakaa na mgonjwa wangu mwenyewe, na ninajua kuna watu ambao wanaweza kufanya lolote kwa ajili yako ila kukuangalia ukiondoka. Ninajua, na bado sijamsamehe vizuri.

Mama alikufa asubuhi ya siku ambayo sikuwa na darasa. Nilikuwa nimemshika mkono. Nje maji yalikuwa yakitiririka. Nilimfumba macho, nikatoka mpaka uani, nikasimama mbele ya Mzee. "Ngoja nifunge maji," akasema. Alielekea kwenye mfereji ulioko ukutani, mfereji aliokuwa akiufungua na kuufunga mwaka mzima, akaupita, akazunguka tangi, akarudi, akasimama akiangalia huku na huku na mpira mkononi. Ilibidi nimfungie mimi. Jioni watu walikuja, na kila jioni mpaka siku ya mazishi, mtaa mzima na kanisa zima, na viti vya plastiki havikuzama. Nilipita na trei ya chai nikasikia wakisifu. Mchanga wote ule, wakasema, na tazama. Yule mama aliyetaja matanga jikoni akamshika Mzee mkono kwa heshima akamwambia, kweli Baba Njeri, ulituandalia. Mzee aliuchomoa mkono wake. Akaingia ndani, akapita sebule, akaingia chumba kile kwa gambuti zake, akafunga mlango. Siku ya maziko nyasi zilikuwa zimekanyagwa mpaka mchanga ukaonekana tena. Nilifunga virago wiki ileile, na sikurudi.

Juzi niliporudi, sikuitambua njia. Magorofa yameizunguka nyumba pande zote na ua uko kivulini karibu siku nzima, kwa hivyo nyasi zimekuwa hafifu, za manjano. Vijana wa kanisa walikuwa wamekuja na mafyekeo kutayarisha mahali pa hema, na walikuwa wamesimama chini ya dirisha la mbele wakibishana. Hapo palikuwa na terere na managu, urefu wa kiuno, zimesongamana kutoka kona hadi kona ya dirisha. Mmoja aliniuliza kama wafyeke, mwenye nyumba alikuwa mzee, huenda alishindwa kupalilia. Njeri alitoka akawaambia wasiguse. Nywele zake zimeingia mvi kama za mama yake. Akaniambia baba yake hakuruhusu mtu yeyote apalilie pale tangu mazishi ya Mum. "Kila mvua ikianza analeta mbolea ya ng'ombe, fresh, haijaoza hata kidogo. Watu wanamwambia Mzee, hiyo italeta magugu, yeye ananyamaza tu. Anachuma mwenyewe, anapika mwenyewe. Halafu anaenda kula kwa ile room ya Mum, anafunga mlango. Kila jioni, Nekesa. Mimi sikuwahi kuelewa."

Sikumweleza pale pale. Niliomba kisahani, nikachuma zile changa zaidi, nikaingia jikoni katikati ya masufuria ya matanga na kuzipika kama nilivyozipika zamani, na kitunguu, na maziwa, na kiazi kimoja cha kuponda. Nilizibeba mpaka chumba cha mbele. Kitanda kilikuwa kilekile, kimetandikwa. Kando yake kilikuwepo kile kiti cha mbao, na mto wake haukuwa mwekundu tena. Ulikuwa umefifia na kubonyea katikati mpaka mbao ikahisika, na miguu ya kiti ilikuwa imechimba vishimo vinne kwenye zulia la plastiki. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, mahali pangu, nikalia kwa ajili ya wote wawili na nikiwa bado na hasira. Nilikuwa nimekula nusu ya bakuli mama mmoja wa kanisa alipoingia, mdogo kwangu kwa umri, akaniona machozi, akakishika kile kiti kwa mgongo ili akisogeze akae nami.

Niliinua mkono. "Hapana, mama," nikamwambia. "Hicho ni cha Baba Njeri."